Kwa anayepitwa kila akitoa ofa ya nyumba: kabla hujaongeza bei, soma hapa

Mkuu, nimeusoma uzi wako mpaka mwisho. Unasema wewe na shemeji mnatoa ofa, nyumba inakwenda kwa mwingine, na sasa dalali anakushauri upandishe bei kwa asilimia 10 na ufute sharti la ukaguzi, yaani lile la kwamba nyumba ikaguliwe na unaweza kujitoa ikionekana na kasoro, ili ofa yako "iwe na nguvu". Hilo la ukaguzi usilifanye. La bei tulipigie hesabu kwanza, maana nahisi hakuna aliyekueleza hiyo asilimia 10 itatoka mfuko gani.

Benki haikopeshi kwa kufuata bei uliyopatana na muuzaji. Inatuma mthamini wake, halafu inashika namba iliyo ndogo kati ya bei na thamani. Chukua nyumba ambayo mthamini ataipa 100, na benki yako inatoa asilimia 80. Ukinunua kwa 100, wewe unatafuta 20. Ukitoa ofa ya 110, wengi hudhani watatafuta 22. Sivyo. Benki itatoa 80 ile ile, na wewe utatafuta 30. Bei imepanda kwa moja ya kumi, lakini fedha taslimu inayotoka kwako imepanda kwa nusu nzima. Hapo bado ushuru wa stempu, wakili, usajili na gharama za kuhama, ambazo hakuna benki inayokukopesha kwa furaha. Kwa hiyo dalali akikwambia "ongeza kidogo tu", muulize: mthamini akija na namba ya chini, tofauti analipa nani?

Sasa dari yako, yaani bei ambayo hata nyumba iwe tamu vipi huivuki. Isipangwe kwa kiwango cha juu ambacho benki imesema iko tayari kukukopesha. Benki inapima kama utalipa, haipimi kama utaishi vizuri. Anza na rejesho la mwezi mnaloweza kulibeba bila kugusa akiba, kisha rudi nyuma mpaka kwenye bei. Na kama riba yako ni ya kupanda na kushuka, ijaribu ikiwa juu. Kwa kila 1,000,000 unayokopa kwa miaka 25, riba ya asilimia 6 inakupa rejesho la kama 6,443 kwa mwezi. Riba ikifika asilimia 8, rejesho linakuwa kama 7,718. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 20 kwa nyumba ile ile, bila hata tofali moja kuongezeka. Kama hiyo namba ya pili inawabana, dari yenu iko chini ya hapo.

Dari hiyo iandikeni kabla ya kwenda kuiona nyumba, wote wawili mkiwa mezani. Nasisitiza kabla, kwa sababu mkishaona jikoni kukiwa na mwanga mzuri hesabu zitaanza kulegea zenyewe.

Kuna jambo moja la wahandisi wa mafuta ambalo kwangu lilibadilisha namna ninavyotazama ushindani huu. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya Atlantic Richfield ya Marekani waliandika kuhusu minada ya vitalu vya mafuta, wakijiuliza kwa nini makampuni yaliyokuwa yakishinda vitalu vya Ghuba ya Mexico yalikuwa yanapata faida ndogo kuliko yalivyotarajia. Jibu lao ni kwamba hakuna anayejua kwa hakika kilichomo ardhini, kila kampuni inakadiria, na anayeshinda mnada ni yule aliyekadiria juu kuliko wenzake wote. Yaani kushinda kwenyewe ni dalili kwamba huenda umezidisha. Ushauri wao ulikuwa kwamba washindani wakiwa wengi, uwe mwangalifu zaidi, si mkali zaidi. Nyumba ya kuishi si kitalu cha mafuta, nakubali. Mna haki ya kulipa zaidi kwa sababu iko karibu na kazi ya shemeji au kwa mama anayehitaji chumba cha chini. Lakini kama umewashinda watu kumi na huwezi kutaja sababu yako wewe ya kuithamini kuliko wao, hapo ndipo pa kujiuliza.

Basi utashindaje bila kumwaga fedha? Mimi nimekaa pande zote mbili za meza. Nilinunua soko likiwa limewaka, na baadaye mzee wetu alipofariki, mimi na ndugu zangu tuliuza nyumba yake katika soko la namna hiyo hiyo. Kuuza ndiko kulikonifundisha zaidi. Ofa zilipokuja tulidhani tutachagua namba kubwa na kazi imekwisha. Aliyetoa namba kubwa alikuwa na sharti kwamba auze kwanza nyumba yake, na barua ya benki hakuwa nayo. Aliyemfuata alikuja na idhini ya awali ya mkopo, wakili wake ametajwa kwa jina, na alikuwa amemuuliza dalali wetu sisi tunataka kukabidhi lini. Tulihitaji muda wa kugawana vitu vya mzee, na dada yangu mkubwa alikuwa safarini. Yule alituachia muda huo bila kutudai chochote. Tulimuuzia yeye, na hakuna ndugu aliyelalamika.

Muuzaji anaogopa kitu kimoja kuliko bei ndogo: kukubali ofa, kutangaza kwamba nyumba imekwenda, halafu wiki kadhaa baadaye mnunuzi akaanguka. Nyumba ikirudi sokoni watu wanaanza kunong'ona ina kasoro gani. Kwa hiyo unachomuuzia wewe ni uhakika. Idhini ya awali iwe ile ambayo benki imekwisha kupitia hati za mishahara na taarifa za akaunti, si karatasi ya makadirio uliyoipata kwa kujaza fomu dakika tano. Uthibitisho wa fedha zako za awali uambatane nayo. Wakili awe ameshapatikana. Tarehe ya makabidhiano muulize yeye, kwa maneno haya haya: "Ingekufaa lini?" Wapo wanaotaka kuondoka kesho, na wapo wanaotaka kubaki mwezi mzima baada ya kuuza. Kumkubalia hakukugharimu kitu, au hukugharimu kidogo kuliko kupandisha bei.

Arabuni nayo inasema kitu. Arabuni nzito kidogo inaonyesha hutanii, ila iwekwe kwa wakili au kwenye akaunti ya dhamana, isiingie mfukoni mwa muuzaji wala wa dalali, na mkataba useme wazi inarudi lini na inapotea lini.

Jambo dogo ambalo watu hulidharau: usitoe namba iliyo duara. Watu wenye dari ya 500 ni wengi na wote wataandika 500. Ukiandika 503 unaweza kuwapita kwa gharama ambayo hutaikumbuka mwakani.

Utasikia pia kuhusu ofa ya kujipandisha, ile ya "nitamzidi yeyote kwa kiasi fulani mpaka kikomo hiki". Mimi siipendi. Umeshamwonyesha muuzaji kikomo chako, na kinachobaki ni yeye kukuuliza kwa nini usianzie hapo. Vivyo hivyo usimwambie dalali wa muuzaji dari yenu, wala msikae sebuleni mwa watu mkisema "hii ndiyo, hii ndiyo". Dalali si adui, ila ana mtu anayemlipa, na mara nyingi si wewe.

Turudi kwenye ukaguzi, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Sababu ya wauzaji kuchukia sharti la ukaguzi si ukaguzi wenyewe. Wanachukia mnunuzi anayetumia ripoti kama fimbo ya kuomba punguzo kwa kila kitasa kilicholegea. Basi liandike sharti kwa ufinyu: utakagua ndani ya siku chache, hutadai matengenezo madogo, na utajitoa tu likionekana jambo kubwa la msingi, paa, umeme au maji taka. Sharti la namna hiyo muuzaji ambaye nyumba yake haina kasoro kubwa halimtishi. Akikataa hata hilo, nawe umepata taarifa bila kulipia.

Njia nyingine, na ndiyo niliyotumia kununua, ni kukagua kabla ya ofa. Nilimwomba mhandisi atembee nami ndani ya nyumba wakati wa kuiona, bila ripoti ya maandishi, nimlipe kwa saa. Ni nafuu sana kuliko ripoti kamili, kwa hiyo hata ukiikosa nyumba hujalia. Kisha unatoa ofa isiyo na sharti la ukaguzi ukiwa umeshakagua, na hiyo ni tofauti kabisa na kufuta ukaguzi kwa kufumba macho.

Hata kabla ya mtaalamu, kuna vitu mnaweza kuviona wenyewe. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta si habari, nyumba nyingi zinao. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha au mlango, au unaopanda kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, ambao ncha ya kidole chako cha mwisho inaweza kuingia, huo mwite mhandisi. Milango isiyofunga vizuri karibu na ufa huo inazidisha shaka. Weka gololi sakafuni uone inakimbilia wapi. Fungua mabomba yote kwa pamoja na uvute maji chooni, uangalie presha na jinsi maji yanavyoondoka. Chumba kimoja kimepakwa rangi mpya na vingine havijapakwa? Uliza kwa nini, na unuse kuta. Nenda tena usiku, na ikibidi nenda mvua ikiwa imenyesha. Zungumza na jirani, huyo hana kamisheni.

Hati sitazitolea maelezo marefu, wakili ndiye kazi yake: upekuzi kwenye ofisi ya usajili, kama kuna rehani au zuio, kama aliyesaini ndiye mwenye mali au ana wenzake, kama mipaka ya kwenye ramani ndiyo ya ardhini, kama banda la nyuma lilipata kibali. Soko likiwaka watu hukimbia hatua hii. Usikimbie. Pia muulize wakili ofa inakufunga kuanzia lini, kwa sababu sheria zinatofautiana mno. England na Wales, kwa kawaida upande wowote unaweza kujitoa mpaka pande mbili zibadilishane mikataba iliyosainiwa, kwa hiyo hata aliyekubaliwa hajalala. Scotland wanafungana mapema zaidi, kwa barua za mawakili. Ukinunua kwenye mnada kule Australia, huna siku za kujifikiria upya. Ushauri wa rafiki aliyenunua nchi nyingine unaweza kukuponza hapa.

Mkishakubaliwa, tulieni. Usibadilishe kazi, usikope gari, usiwe mdhamini wa mtu, kwa kuwa benki huweza kukuchunguza tena kabla ya kutoa fedha. Na ikija barua pepe inayosema akaunti ya wakili imebadilika, usilipe. Mpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyo kwenye barua hiyo. Matapeli hudukua mawasiliano na kusubiri wiki hiyo hiyo ya malipo.

Kitu kingine: acheni kugombea nyumba ambazo kila mtu anazigombea. Tafuteni zilizokaa sokoni. Nyingi zilianza na bei ya kiburi, bei ikashushwa, lakini macho ya watu yalishahamia kwingine. Nyingine zina picha mbaya, harufu ya mbwa au rangi ya kutisha ukutani. Swali ni moja tu: kinachowafukuza wenzangu kinaondoka kwa fedha na fundi, au hakiondoki? Zulia linaondoka. Barabara kuu, bonde linalojaa maji na jengo la jirani lililokula jua havitaondoka. Na mkikosa nyumba mliyoipenda, mwambie dalali ofa yenu inabaki kama ya akiba kwa muda fulani. Mauzo huvunjika, na muuzaji aliyeangushwa hana hamu ya kuanza upya.

Uliuliza pia kama msubiri bei zishuke. Mara nyingi bei hulegea riba inapopanda, na hapo tumia zile namba zangu za juu: riba ikitoka asilimia 6 kwenda 8, mkopo wenyewe ungepaswa kupungua kwa zaidi ya asilimia 16 ndipo rejesho libaki pale pale. Kwa mwenye fedha nyingi za awali, kusubiri kunaweza kulipa. Kwa anayekopa sehemu kubwa, bei ikishuka kidogo huenda asione tofauti yoyote mwisho wa mwezi. Hukusema riba yenu ni ya kudumu au ya kubadilika, wala mna asilimia ngapi ya kuanzia. Weka hizo mbili hapa tukupigie hesabu ya dari yenu.