Heshima ya The Simpsons kwa Miyazaki: kwa nini nasema ni ya kweli, na wapi pa kuanzia

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo mawili. La kwanza, kile kipande cha The Simpsons, katuni ya Kimarekani ya runinga, kilichochorwa kwa mtindo wa Hayao Miyazaki, mwongozaji wa filamu za katuni wa Japani, ni heshima kweli, au ni kejeli ile ile wanayomfanyia kila mtu maarufu? La pili, mtu asiyewahi kuona kazi za huyu mzee aanzie wapi? Kuna mchangiaji hapo juu amekata shauri kwamba ni kejeli, eti wamebandika sura tu. Mimi kazi yangu ni kuchora katuni za video, matangazo madogo na vipindi vya watoto, na kile kipande nimejifunzia, nikikisimamisha picha moja baada ya nyingine. Hilo la "sura tu" silikubali.

Kwanza tuweke mambo sawa kwa ambao hawajakiona. Kimo ndani ya kipindi kiitwacho "Married to the Blob", msimu wa 25, kilichorushwa Marekani tarehe 12 Januari 2014. Yule bwana mnene muuza vitabu vya katuni anampata binti wa Kijapani, Kumiko, ambaye naye ni mchoraji wa manga, vitabu vya katuni vya Kijapani. Baba wa binti anafika mjini, anakutana na Homer, baba wa familia ya Simpson, na Homer kwa mdomo wake usiotulia anamharibia mwenzake posa. Akitaka kurekebisha, anamchukua mzee kwenda kunywa. Kinywaji kinawapanda kichwani, wanatoka nje, na mji wao wote wa Springfield umegeuka dunia ya Miyazaki. Baada ya maono hayo moyo wa mzee unalainika na ndoa inapita.

Angalia kwanza kipande kimewekwa wapi. Hawakukichomeka popote ili wapenzi wa anime, yaani katuni za Kijapani, wapige makofi. Kinakuja pale ambapo mtu mzima mwenye moyo mgumu anahitaji kubadilika, na anabadilika baada ya kupita katikati ya viumbe vya ajabu. Aliyeona Spirited Away, filamu ya Miyazaki, anaijua njia hiyo: binti Chihiro anaingia mji wa mizimu akiwa mtoto anayelalamika, anatoka akiwa mwingine. Mwandishi aliyelipanga hivyo alikuwa ameelewa filamu za Miyazaki zinafanya kazi gani.

Halafu tazama nani kapewa nafasi gani. Otto, dereva wa basi la shule, amekuwa lile basi la paka la filamu ya My Neighbor Totoro, yule paka mkubwa mwenye miguu 12 na macho yanayomulika kama taa za gari. Dereva amegeuka chombo chake mwenyewe! Patty na Selma, dada zake Marge mke wa Homer, wanapaa na fagio kama Kiki wa filamu ya Kiki's Delivery Service (kwetu wangepewa ungo), na kila anayejua Homer anavyowaona mashemeji zake hao ataona kwa nini lazima wawe wachawi. Lakini hawakupewa mchawi mbaya wa hadithi za Ulaya, wamepewa Kiki, binti wa miaka 13 mwenye roho safi anayejitafutia riziki kwa kupeleka mizigo ya watu. Ralph, mtoto asiyejua ubaya wowote, amekuwa Ponyo wa filamu ya jina hilo, samaki mdogo anayetaka kuwa binadamu. Na duka la Kwik-E-Mart limeinuka linatembea kama lile jumba la filamu ya Howl's Moving Castle. Kila chaguo linakaa sawa pande mbili, upande wa Springfield na upande wa filamu. Anayekejeli huishia kwenye kofia na nywele. Kulinganisha tabia kwa tabia namna hii hakuwezekani kwa mtu ambaye hajazikalia filamu zenyewe hadi mwisho.

Hilo duka linalotembea ndilo lililonifundisha zaidi. Niliwahi kupewa kazi ya kipindi cha watoto, nyumba iamke na kuondoka mahali pake. Mtu anaweza kudhani kazi iko kwenye miguu. Nilirudi kwa jumba la Howl na kwa hilo duka, nikaona kwamba uzito wa kitu huonekana kwenye vile vinavyochelewa. Mwili unatangulia, bati linafuata, dirisha linakuja baadaye kidogo, bomba la moshi linamalizia, na unapofika wakati wa kutua kila kimoja kinatulia kwa muda wake. Vyote vikienda pamoja, nyumba inakuwa karatasi inayovutwa. Na hapa ndipo ugumu wao ulipo, maana The Simpsons wana sheria zao: rangi bapa, mstari mnene, mandhari ya nyuma rahisi, mwendo wa haraka unaoufuata utani. Sheria za Miyazaki ni kinyume karibu kote: nyuma kumepakwa kwa brashi, upepo unapita kwenye majani, mtu akikasirika au kushtuka nywele zinamsimama na mwili unavimba. Kuwaingiza Homer na watu wake wa manjano kwenye dunia hiyo bila kuwafanya wageni ni kazi ya mikono inayopenda inachokifanya.

Mizani ya heshima hiyo utaiona ukijua Miyazaki mwenyewe anavyofanya kazi. Princess Mononoke ya 1997 ilikuwa na takriban michoro 144,000, na inakadiriwa kama 80,000 kati ya hiyo aliigusa kwa mkono wake, akirekebisha. Ponyo ya 2008 ilikula michoro takriban 170,000, na mawimbi ya bahari yalichorwa kwa mkono wakati ambapo kompyuta ingeweza kuyafanya. Yeye ndiye huchora picha za mpangilio wa filamu nzima, na mara nyingi utengenezaji huanza kabla hadithi haijafika mwisho.

Kuna kitu kimoja hawakukipata, na nakisema kwa mapenzi. Kimya. Miyazaki aliwahi kumweleza mkosoaji Roger Ebert jambo hili mwaka 2002 kwa kupiga makofi mara chache, kisha akamwonyesha kwamba nafasi iliyo kati ya kofi na kofi ndiyo anayoitafuta. Chukua hilo hilo basi la paka. Kwenye Totoro haliji hivi hivi. Binti Satsuki amesimama kituoni, mvua inanyesha, usiku umeingia, mdogo wake amelala mgongoni, baba hajafika. Totoro, kiumbe mkubwa wa msituni, anakuja na jani kichwani, anasimama pembeni yake. Anapewa mwavuli. Matone yanadondoka juu yake, anafurahia mlio, anaruka, na miti yote inamwaga maji kwa kishindo. Ndipo zinatokea taa mbili kwenye giza. The Simpsons wametupa basi bila kusubiri kituoni, na furaha nusu nzima ya lile basi iko kwenye kusubiri. Siwalaumu sana. Kipindi cha dakika ishirini na kitu hakina muda huo. Ila mtu akikiangalia kipande hiki peke yake atadhani Miyazaki ni gwaride la viumbe vya ajabu, na hapo atakuwa amepotea njia.

Wengine wanauliza kama kilikuwa cha kumuaga. Mzee alitangaza kustaafu Septemba 2013, baada ya filamu yake The Wind Rises, na kipande kikatoka Januari iliyofuata, kwa hiyo wengi walikipokea hivyo. Novemba 2014 akapewa Oscar ya heshima. Hakustaafu lakini: The Boy and the Heron ilitoka 2023 na mwaka uliofuata ikachukua Oscar, yake ya pili ya ushindani baada ya ile ya Spirited Away mwaka 2003. Wamarekani wengine nao walishamwamkia mapema, maana kwenye Toy Story 3 ya 2010 Totoro yumo kama mdoli wa kitambaa.

Sasa wapi pa kuanzia. Ukiwa na watoto wadogo, Totoro, bila kusita, na usiwaharakishe pale kituoni. Kiki inafuata, hasa kwa binti anayekaribia kuondoka nyumbani kwenda bweni. Ukiwa mtu mzima peke yako anza na Spirited Away, usiku, simu ukiwa umeiweka mbali, na ukifika pale Chihiro na yule kiumbe asiye na uso wamekaa kwenye treni inayopita juu ya maji, usiguse kitu, acha tu ipite. Baada ya hapo rudi kwenye kipande cha Simpsons, utakiona upya kabisa. Princess Mononoke iangalie mwenyewe kwanza kabla ya kuwaita watoto, kuna mishale inayokata mikono na vichwa vya watu, na wadogo chini ya miaka kumi hawataiweza.