Donda ndugu juu ya kovu la moto: msiishie kupima usaha

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 58. Aliungua mguu utotoni, na juu ya kovu lile ana kidonda, huu mwaka wa tatu hakijafunga. Tunakiosha kila siku kwa haidrojeni peroksaidi. Nasikia seli zilizozeeka ndizo huzuia kidonda kupona, tena huleta saratani. Ni kweli? Kuna dawa ya kuziondoa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Ni kweli nusu. Seli iliyozeeka haijafa. Imeacha kugawanyika tu, huku ikiendelea kutoa kemikali. Kidonda kibichi kinazihitaji seli hizi: watafiti walipoziondoa kwa panya, mwaka 2014, vidonda vilichelewa kufunga. Zikimaliza kazi, kinga ya mwili huzifagia. Kwenye donda ndugu hubaki na kurundikana, zikitoa vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni, yaani protini inayoshikilia ngozi, hivyo nyama mpya hubomoka kabla haijashika.

Kuhusu saratani, kule kuacha kugawanyika ni kinga, maana seli yenye hitilafu haizaliani. Hatari iko kwa majirani: kemikali zilezile huweza kuichochea seli ya pembeni iliyokwisha kuharibika.

Sasa baba. Kovu la moto lenye kidonda kisichopona linaweza kugeuka saratani ya ngozi, iitwayo kidonda cha Marjolin, mara nyingi miongo kadhaa baada ya kuungua. Angalieni kingo ngumu zilizoinuka, nyama iliyoota kama koliflawa, damu inayotoka kwa kuguswa tu, harufu kali, tezi za kinenani zilizovimba. Hata pasipo dalili hizo, miaka mitatu ni mingi mno. Apimwe mwezi huu.

Ombeni akatwe kipande kidogo cha nyama ya kidonda, yaani kinyama, kikapimwe saratani maabara. Kipimo cha usaha huonyesha bakteria, hakionyeshi saratani. Kinyama kichukuliwe sehemu kadhaa, hasa ukingoni. Katikati mara nyingi ni nyama mfu, na majibu yanaweza kusema hakuna saratani kumbe ipo. Kiwekwe kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya kinyama. Kikikaa kwenye maji ya chumvi kitaoza njiani. Majibu yakiwa safi na kidonda bado kinatia shaka, kinyama kikatwe tena.

Peroksaidi acheni leo, inaua seli changa. Maji yaliyochemshwa yakapoa yanatosha. Dasatinibu, dawa ya saratani ya damu inayojaribiwa kuondoa seli zilizozeeka, msimnunulie. Bado iko kwenye utafiti. Na mkishauriwa kupandikiza ngozi, isipandikizwe kabla majibu ya kinyama hayajarudi.