Asubuhi 172, jioni 169: nani muongo?

SWALI: Habari kaka, mimi kijana wa Nkuhungu hapa Dodoma. Asubuhi nimejipima mwenyewe ghetto kwa futi kamba ya fundi cherehani nikapata sentimita 172, jioni jamaa wa mizani barabarani kanipima 169 na viatu nilivua. Sasa kuna fomu ya kazi wanataka urefu, nijaze ipi?

JIBU: Salama mdogo wangu. Jamaa wa mizani usimgombeze bado. Binadamu asubuhi ni mrefu kuliko jioni, hizi sio stori za kijiweni, katikati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini vyenye maji, ukishinda umesimama au unabeba mizigo vinabanwa vinakuwa vyembamba, ukilala vinajaa tena. Lakini hiyo inakula sentimita moja hivi, kwa wengine mbili, tatu nzima hapana.

Zilizobaki namshuku aliyejipima mwenyewe. Ukijiwekea kitabu kichwani mkono unakiinua upande wa ukutani bila kujua, na kamba ikipinda kidogo tu namba inapanda. (Kamba iliyozeeka ikavutika nayo inadanganya, ila yenyewe inakupunguza.)

Tafuta tepu ya chuma ya fundi seremala na mtu wa kukupima. Simama sakafu ngumu, sio kwenye zulia, ukuta ulionyooka, miguu mitupu, visigino pamoja vimegusa ukuta, makalio na mabega pia, macho mbele. Kidevu usikinyanyue, hapo ndo vijana wengi mnajiongezea, kona ya chini ya jicho na tundu la sikio viwe usawa mmoja. Vuta pumzi, mwenzio aweke skwea ya fundi au kitabu kigumu kilalie ukuta vizuri, akandamize nywele, na kama una rasta umezifunga juu zifungue bwana. Weka alama, toka, rudia mara tatu, zikipishana zaidi ya nusu sentimita kuna mahali mmekosea.

Fanya hivyo jioni, hiyo ndo ujaze, maana siku ya usaili hujui watakupima saa ngapi. Na fomu ikitaka futi, 170 ni futi 5 na inchi 7, usiandike 5.7, anayepiga hesabu kwa kalkuleta atapata 173.7 na wewe siku ya kupimwa utaonekana umedanganya.