Maswali yenu: Thaddeus Stevens, wakili wa Lancaster

Swali: Juzi ulimtaja Thaddeus Stevens ukapita mbio. Ni nani hasa?

Jibu: Kosa langu. Ni Mmarekani wa Vermont, alizaliwa 1792 na mguu mmoja uliopinda. Alianza uwakili Gettysburg, akahamia Lancaster, Pennsylvania, mwaka 1842. Bungeni Washington alikaa vipindi viwili, cha pili 1859 hadi alipofariki 1868.

Swali: Mpinga utumwa kama yeye aliwahi kweli kumtetea mwenye watumwa?

Jibu: Aliwahi, na wanaomsifu hupenda kuliruka hilo. Sheria ya Pennsylvania ilisema mtumwa wa mgeni akikaa jimboni miezi sita, ni huru. Charity Butler, aliyekuwa akiletwa kutoka Maryland na kurudishwa, alidai kwamba siku zake zikijumlishwa zinavuka miezi hiyo. Stevens akasimama upande wa bwana: miezi sita ni mfululizo, ukikatika unaanza upya. Mwaka 1821 mahakama ikamkubalia, Charity akabaki mtumwa. Hoja haina ufa, na hilo ndilo linaloniudhi. Baadaye aligeuka kabisa. Aliwatetea watumwa watoro, na katiba ya jimbo ya 1838 iliyowanyima weusi kura alikataa kuitia saini.

Swali: Msimamo huo ulimgharimu?

Jibu: Sana. Juni 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wanajeshi wa Kusini, upande uliotetea utumwa, chini ya jenerali wao Jubal Early walikiteketeza kiwanda chake cha chuma, Caledonia.

Swali: Je, alimng'oa Rais Andrew Johnson?

Jibu: Alikosa kura moja! Bunge lilimshtaki Johnson mwaka 1868, lakini Seneti ilitoa kura 35 za kumtia hatiani dhidi ya 19, na zilihitajika 36. Stevens alikuwa mgonjwa hata akibebwa kwenye kiti kuingia ukumbini.

Swali: Nasikia hata kaburi lake lina kesi.

Jibu: Lina maneno aliyoyatunga mwenyewe. Makaburi mengine ya Lancaster yalibagua rangi kwa kanuni zao, kwa hiyo akachagua dogo, la pembeni, lililopokea maiti wa kila rangi. Jiwe linaeleza kwamba hakulala hapo kwa kupenda upweke, bali aonyeshe katika kifo alichokipigania maishani: usawa wa binadamu mbele ya Muumba wake. Alifariki Agosti 11, na chama chake Lancaster kikamteua kugombea ubunge hivyo hivyo, marehemu.