M1A si M14

Ndugu, umeuliza kama bunduki ya M1A wanayouziwa raia Marekani uiite M14. Hapana, iite M1A. M14 ni bunduki ya jeshi iliyopitishwa mwaka 1957, nayo iliundwa iweze kumimina risasi mfululizo. M1A hutoa risasi moja kila unapovuta kifyatulio, basi. Kinachowachanganya wengi ni jina Springfield Armory: kiwanda cha serikali kule Massachusetts, kilichotengeneza M14, kilifungwa 1968, kisha kampuni binafsi ya Illinois, inayotengeneza M1A, ikalichukua jina 1974. Tazama chuma nyuma ya kilengeo cha nyuma, pamechongwa M1A waziwazi. Ukisema "nakala ya M14" sikatai. "Bunduki ya maonyesho" usiseme kabisa, maana hii inaua.