Maswali yenu: Zelda ibaki ulimwengu wazi?

Zelda ijayo, gemu ya Nintendo, iendelee kuwa ulimwengu wazi (unaenda utakako tangu mwanzo) au irudi kama zamani (njia zinafunguka hatua kwa hatua)?

Ibaki wazi. Kinachonikera si ukubwa wa Hyrule, nchi ya gemu hizi. Ni kwamba hakuna tena unachokipata njiani kikakurudisha ulikopita. Katika Breath of the Wild (2017) unamaliza vihekalu vinne pale Great Plateau, uwanda wa kuanzia, unakabidhiwa mwavuli wa kuelea, basi, uwezo wako wote wa msingi umekwisha kuupata. Tears of the Kingdom (2023) nayo ikakupa karibu kila kitu kwenye kisiwa cha angani. Kuanzia hapo unaongeza mioyo, unaongeza pumzi, unaokota mapanga. Ule mlango uliokushinda mwanzoni, ukakaa kichwani, ukaurudia siku ulipopata zana yake, haupo.

Chukua Snowpeak Ruins ya Twilight Princess (2006). Ni nyumba ya mume na mke, viumbe wa theluji, na mke ni mgonjwa. Anakuelekeza uliko ufunguo wa chumba cha kulala. Unapigana mpaka ufike, unafungua kasha, unakuta boga. Unarudi jikoni, mume analitia kwenye supu. Mke anakutuma kwingine, safari hii unakuta jibini, nalo linaingia sufuriani. Ukiichota ile supu inakurudishia mioyo mingi kuliko mwanzo. Katikati ya mahangaiko hayo unapata rungu la mnyororo, na mabarafu yaliyokuziba njia tangu ulipoingia unayavunja moja baada ya jingine. Ukifika mwisho unaijua nyumba nzima, kona kwa kona.

Jumba la namna hiyo huwezi kulijenga ikiwa mchezaji amekwisha kupewa kila kitu kabla hajafika mlangoni. Ninachotaka ni hiki: uwanja ubaki mpana, mtu aende atakako, lakini zana tano au sita zifichwe ndani ya majumba, na kila moja ifungue kitu huko nje. Msiniambie vizuizi vinaua uhuru. Breath yenyewe inavyo: mvua ikinyesha unateleza ukutani, na Hebra, milima ya theluji, huingii bila nguo nzito au chakula cha pilipili. Hakuna aliyelalamika kwamba baridi ya Hebra imemnyima uhuru.

Lakini ile ya kwanza ya 1986 si ilikuwa wazi?

Swali hili linaletwa kila mara, na wanaolileta inaonekana hawajaicheza. Uwanja ulikuwa wazi, ndiyo. Sasa nenda jumba la nne. Liko kisiwani, na hufiki bila chelezo, na chelezo kiko ndani ya jumba la tatu. Nenda la tisa: mzee amesimama njiani, hupiti mpaka uwe na vipande vyote vinane vya Triforce, hazina unayoikusanya majumbani. Miyamoto na Tezuka, wabunifu wake, waliweka uwanja na makufuli katika gemu moja tangu siku ya kwanza. Anayeitaja 1986 kutetea Zelda isiyo na makufuli anajitolea ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Kwa nini silaha zinavunjika?

Ili ubadilishe mbinu. Jibu ni lilelile tangu 2017, tafadhali tuliache. Nitaongeza moja tu: ndiyo maana ukifungua kasha ukakuta upanga, moyo haushtuki.

Breath imeuza nakala zaidi ya milioni 30. Unabishana na mauzo?

Sibishani nayo. Lakini pima na idadi ya mashine. Ocarina of Time (1998) iliuza zaidi ya milioni 7 wakati Nintendo 64 zote duniani zilikuwa takriban milioni 33. Switch, mashine inayochezesha Breath na Tears, imevuka milioni 150. Nayo Tears iliuza milioni 10 kwa siku tatu za kwanza, yaani kabla wengi hawajaimaliza, kwa imani iliyojengwa na Breath. Imani hiyo inaweza kuisha.

Hata hivyo anayetaka ya zamani irudi vilevile aikumbuke Skyward Sword (2011): Fi, roho wa upanga wako, anakukatiza kila hatua kukueleza ulichokwisha kukiona, na maeneo yaleyale matatu unarudishwa tena na tena. Watu walichoka, na walikuwa na haki. Aonuma, mtayarishaji wa Zelda, alipotangaza mwanzoni mwa 2013 kwamba wanafikiria upya desturi za Zelda, alifanya jambo lililohitajika. Kosa ni kwamba waliitupa na desturi iliyokuwa nzuri.

Echoes of Wisdom (2024) si ndiyo suluhisho?

Imekaribia. Majumba yake yana umbo, na kumcheza Zelda mwenyewe, binti mfalme, badala ya shujaa Link, kumechelewa mno lakini kumefika. Tatizo ni kitanda. Unajifunza mapema kukiumba kwa uchawi, unapanga kitanda juu ya kitanda, unapanda karibu popote. Fumbo la mwinuko ukilitatua kwa vitanda vitatu, huna sababu ya kutafuta njia aliyoifikiria mtengenezaji.

Mbona kwenye Tears kila hekalu linakuishia na hadithi ileile?

Kwa sababu watengenezaji hawajui utaanza na lipi, kwa hiyo kila mwenye hekima wa kale unayemkuta hekaluni anasimulia vita ileile karibu kwa maneno yaleyale. Ni gharama ya uhuru usio na mpangilio, na hadithi ndiyo inayoilipa. Kumbukumbu za machozi ya joka, vipande vya hadithi vilivyotawanyika nchini, nazo ukiziokota ovyo utaijua siri kubwa mapema, kisha utakaa saa nyingi ukimwona Link akimtafuta mtu ambaye wewe umekwisha kujua aliko. Pitia Forgotten Temple kwanza, fuata mpangilio uliochorwa ukutani.

Sijawahi kucheza Zelda. Nianze na ipi?

Breath. Ukiipenda, nenda Ocarina, uelewe ninacholilia.

Kaka yangu yuko Japani, anasema Switch 2, mashine iliyofuata Switch, huko ni ya bei rahisi. Aninunulie?

Muulize kwanza ni ya aina gani. Ile ya bei nafuu inaonyesha Kijapani tu na inakubali akaunti zilizosajiliwa Japani tu. Kama husomi Kijapani, aiache dukani achukue ya lugha nyingi. Na hili hukuuliza lakini litakugharimu: baadhi ya kadi za gemu za Switch 2 hazina gemu ndani, ni ufunguo tu wa kukuruhusu uipakue mtandaoni. Kwa bando la simu, hiyo ni pesa ya pili. Imeandikwa mbele ya kasha. Mwambie aisome kabla hajalipa.