Maswali na majibu: Kupandisha programu ya timu bila kushikana mashati

Maswali ya safari hii yametoka kwa timu ndogo zinazojenga programu za wavuti na kuziendesha zenyewe. Kupandisha ni kuliweka toleo jipya kwenye seva linakotumiwa na watu. Mengine nimeyafupisha.

Swali: Mradi wetu unawaka vizuri kwangu, lakini mwenzangu akiuvuta kwenye kompyuta yake unagoma. Tatizo ni nini?

Jibu: Anza na ujumbe wa kosa, usomeni pamoja neno kwa neno. Ukitaja 127.0.0.1:5432 na kusema "connection refused", hifadhidata ya PostgreSQL haijawashwa kwake, msimbo msiuguse. Ukisema "Cannot find module", ama hajasakinisha vifurushi, ama wewe ulisakinisha kimoja bila kukiandika kwenye package.json, orodha ya vifurushi vya mradi. Kama hakuna kati ya hayo, linganisheni matoleo ya Node au Python, halafu mwulize kama ana faili la .env, linalobeba nywila na funguo za mradi.

Faili la package-lock.json, linalotaja toleo kamili la kila kifurushi, liingie kwenye Git, programu inayotunza historia ya msimbo, na mtu asilifute eti kwa kuwa ni refu. Kwenye seva tumieni npm ci badala ya npm install, ili mpate vifurushi vilevile vilivyoandikwa humo. Mradi ukishakuwa na hifadhidata na huduma nyingine pembeni, Docker Compose itawaondolea usumbufu mwingi, maana vyote vinawaka kwa amri moja. Mwanatimu mpya anapaswa kufika mwisho kwa kufuata README, faili la maelekezo ya mradi, peke yake. Pale anapokwama, README irekebishwe siku hiyohiyo, na yeye ndiye airekebishe.

Swali: Nilisukuma faili la .env kwenye ghala letu la wazi la GitHub, nikalifuta baada ya dakika chache. Niko salama?

Jibu: Hauko salama. Git hutunza historia, kwa hiyo faili ulilolifuta leo bado linasomeka kwa git log -p kwa yeyote mwenye nakala ya mradi. Tena kuna roboti zinazopekua maghala ya wazi usiku na mchana zikitafuta funguo za aina hiyo. Badilisha nywila ya hifadhidata sasa hivi, batilisha ufunguo wa huduma ya malipo na ule wa barua pepe, toa mipya, kisha waarifu wenzako. Kusafisha historia kutafuata baadaye.

Halafu andika .env kwenye .gitignore. Wengi hukwama hapa, kwa sababu .gitignore haina nguvu juu ya faili ambalo Git inalifuatilia tayari. Liondoe kwanza kwa git rm --cached .env, na badala yake weka .env.example yenye majina ya vigezo bila thamani zake.

Swali: Katika timu yetu anayejua kupandisha toleo jipya ni mtu mmoja tu. Akisafiri, kazi inalala. Tufanyeje?

Jibu: Kusubiri ni hasara ndogo; hatari kubwa ni kupandisha kwa mkono. Tarehe 1 Agosti 2012, Knight Capital, kampuni ya biashara ya hisa ya Marekani, iliingia sokoni na msimbo mpya uliokuwa umepelekwa kwa mkono kwenye seva nane. Moja ilikuwa imesahaulika. Seva hiyo ikawasha msimbo wa zamani uliokuwa umeachwa kutumika na kumwaga oda zisizokusudiwa. Katika dakika kama 45 kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 400. Katika haraka ya kuokoa jahazi, mafundi waliondoa msimbo mpya kwenye seva saba zilizokuwa sawa, na hali ikazidi kuwa mbaya.

Mwombeni mwenzenu apandishe huku mwingine akiandika kila amri anayoiandika. Orodha hiyo igeuzeni skripti, ihifadhiwe ndani ya mradi, kisha muikabidhi kwa GitHub Actions au GitLab CI, huduma zinazoendesha skripti zenyewe, ili majaribio yakipita, toleo liende lenyewe kwenye seva zote. Kwangu mimi jambo kubwa kuliko yote ni njia ya kurudi. Toleo lililotangulia libaki tayari, na kila mwanatimu awe amewahi kulirudisha kwa mkono wake siku ambayo hakuna kilichoharibika.

Swali: Tulibadilisha jina la safu wima moja kwenye jedwali la wateja, tovuti ikaanguka. Msimbo ulikuwa umepita majaribio yote!

Jibu: Ulipita kwa sababu kwenye majaribio kuna msimbo mmoja na jedwali moja. Kwenye seva halisi, kwa sekunde kadhaa au dakika kadhaa, msimbo wa zamani huendelea kuhudumia watu huku jedwali limeshabadilika. Tuseme simu inakuwa namba_ya_simu. Ongezeni kwanza safu wima mpya, iruhusiwe kuwa tupu, ya zamani ibaki. Pandisheni msimbo unaoandika kote kuwili lakini bado unasoma ya zamani. Nakilini data za nyuma kwa mafungu madogo, msifunge jedwali zima kwa wakati mmoja. Ndipo mpandishe msimbo unaosoma safu wima mpya.

Ya zamani iacheni ikae siku kadhaa, kisha acheni kuiandikia, na mwisho kabisa ifuteni. Ni hatua nyingi, najua, lakini kila moja inarudishika isipokuwa ile ya kufuta. Mkiwa na PostgreSQL, wekeni pia lock_timeout, kikomo cha muda wa kusubiri kufuli la jedwali, kabla ya ALTER TABLE, amri ya kubadilisha jedwali. Amri hiyo ikisubiri kufuli nyuma ya ombi refu, maombi mengine yote hupanga foleni nyuma yake, na tovuti huonekana imekufa.

Swali: Bakapu zetu zinaenda zenyewe kila usiku. Hilo linatosha?

Jibu: Mmewahi kurudisha moja? Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi miradi ya msimbo, alifuta saraka ya hifadhidata kwenye seva isiyokusudiwa. Walipokimbilia nakala, bakapu za pg_dump, programu ya kunakili hifadhidata ya PostgreSQL, zilikuwa hazitengenezwi, kwa kuwa toleo la programu hiyo halikulingana na la hifadhidata, na barua pepe za onyo zilikuwa zinakataliwa njiani. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla. Data za saa hizo zikapotea. Rudisheni bakapu kwenye hifadhidata tupu kila mwezi, mhesabu safu mlalo za majedwali na kufungua programu juu yake.

Swali: Cheti cha HTTPS kimekwisha muda, ilhali certbot, programu inayohuisha vyeti, inasema imeshakihuisha. Inawezekanaje?

Jibu: Kama tovuti yako inahudumiwa na programu ya Nginx, huenda bado imeshika cheti cha zamani kwenye kumbukumbu. Endesha nginx -s reload, kisha iweke amri hiyo kwenye --deploy-hook ya certbot ili irudiwe kila cheti kinapohuishwa.